Ukiingia mgahawa wa Kithai acha mambo ya kila mtu na sahani yake

Hapa Kigoma mgahawa wa Kithai mi sijauona bado, kwahiyo haya nawaandikia wanaosafiri, wewe unayeshuka Dar kwa treni halafu shemeji anakwambia leo nakutoa Masaki tukale Kithai, na wewe mwenzangu wa soko la Mwanga unayejipanga kwenda Bangkok kufata mzigo wa nguo pale Pratunam. Mi nimeshaenda mara tatu. Safari ya kwanza nilikula vibaya siku tano mfululizo mpaka nikahamia kwenye biskuti, na wala sio kwamba chakula chao kibaya, kitamu hatari, ila nilikuwa sijui kukiagiza wala kukila, nilikuwa naagiza kama niko kwa mama ntilie, nipe wali nyama, basi.

Sikiliza tulichofanya usiku wa kwanza. Tulikuwa wanawake wanne, watatu wa Kigoma na mmoja wa Tabora, tukaingia kamgahawa ka uchochoroni nyuma ya hoteli, meza za bati za kukunja, viti vya plastiki, feni ya ukutani inazunguka kwa kulalamika, mama yuko pale mbele na karai lake moto unapaa. Menyu ina picha. Kila mtu akanyooshea kidole picha yake. Ya kwanza ikaja supu, akaletewa yule wa Tabora, bakuli kubwa la kutosha watu watatu, akaanza kuinywa peke yake sisi tunamwangalia. Baada ya dakika kumi ikaja kachumbari ya papai bichi, hiyo yangu. Halafu mchuzi wa kijani. Halafu samaki mzima wa kukaanga. Wali hakuna hata punje, maana wali unaagizwa peke yake na hakuna aliyeusema. Basi nikakaa natafuna papai bichi lenye pilipili bila kitu cha kushushia, mwenzangu anapiga samaki mkavu, mwingine anakunywa mchuzi kama uji, na wa Tabora ameshamaliza supu anatoa macho.

Meza ya pili walikuwa wenyewe, familia, baba mama bibi na watoto wawili. Kila mmoja ana kisahani chake cha wali mweupe, na katikati vyombo vinne, kila mtu anachota kijiko kimoja cha hiki anakula na wali wake, anarudi anachota cha kile. Nikasema haa, kumbe hii si ndo ile ile ya kwa bibi Ujiji, ugali wako na mboga kati! Ndo hivyo tu. Ukishalielewa hilo vingine vyote ni vidogo vidogo.

Kwahiyo ukikaa mezani usiulize "wewe unakula nini", ulizaneni "tunakula nini". Wali mmoja kila kichwa, halafu mboga idadi ya watu, mkiwa wawili mnaweza kufika mboga tatu kama mna njaa, mkiwa wanne basi nne zinatosha na zinabaki. Na hizo mboga zisifanane. Wao wanachezea ladha nne, uchachu, utamu, chumvi na ukali wa pilipili, sasa ukiagiza michuzi mitatu yote ya tui la nazi na pilipili utachoka katikati ya chakula. Chukua kimoja cha supu au mchuzi, kimoja cha kukaanga na majani au mboga za majani (kuna matembele ya maji yao, yanakaangwa na kitunguu swaumu na pilipili, matamu kweli), kimoja cha uchachu kama hiyo kachumbari ya papai, na kimoja cha samaki au kuku. Kama mna mtoto au mzee ongezeni omleti, ipo kila mahali na haina pilipili.

Vyakula haviji kwa pamoja, kinachoiva ndo kinaletwa. Usimsubirie mwenzako wala usinune kwamba "changu" kimechelewa, hakuna changu. Na usijaze sahani. Sisi tuna tabia tukiona vyombo vinne tunamwagia vyote juu ya wali mara moja kama sinia la harusi, pale mtu anachota vijiko viwili vya kitu kimoja, anamaliza, anaenda kingine, ladha zisigombane. Kingine, kwetu umefundishwa kula upande wako wa sinia usivuke kwa mwenzio, pale kuvuka ni ruhusa, utanyoosha mkono mpaka kona ya pili hakuna atakayekushangaa, ila tumia kile kijiko kilichowekwa kwenye chombo cha katikati, usichovye cha mdomoni kwako.

Ila kuna vyakula vya sahani moja, na hivi ndo vya mtu aliye peke yake, hasa mchana unapokimbizana na mzigo. Pad krapao, nyama ya kusaga iliyokaangwa fasta na pilipili, kitunguu swaumu na majani ambayo ni ndugu kabisa na kivumbasi chetu, inawekwa pembeni ya wali na yai la kukaanga juu, yai lenyewe kingo zimekauka na kiini kinalia. Wao wenyewe mtu akikosa wazo la kula anaagiza hiyo. Kuna kao man gai, wali uliopikwa kwa mafuta na supu ya kuku halafu vipande vya kuku wa kuchemsha juu na sosi ya tangawizi pembeni, huyu ndo aliyeniokoa tumbo safari ya kwanza. Kuna tambi za supu. Na pad thai, tambi za mchele za kukaanga na ukwaju, yai, karanga za kusaga, hiyo Dar utaikuta kwenye kila menyu na watu wengi wanajua hiyo tu. Usidhani ni ya kale sana, ilipata umaarufu enzi za waziri mkuu wao mmoja, Plaek Phibunsongkhram, miaka ya Vita Kuu ya Pili, serikali ilikuwa inahimiza watu wale tambi, na ni yeye huyo huyo ambaye mwaka 1939 nchi ilibadilishwa jina chini yake ikatoka Siam ikawa Thailand. Ni tamu, sikatai, ila ukiishia kwenye pad thai peke yake ni kama mgeni aje Kigoma ale chipsi aondoke.

Sasa mikono. Hawali wali kwa mkono na hawali wali kwa vijiti pia, hili linawachanganya wengi, mtu anaingia anadai vijiti kwasababu ameona kwenye filamu za Kichina. Wali wanakula kwa kijiko na uma. Kijiko mkono wa kulia, uma wa kushoto, na uma kazi yake ni kusukumia chakula kwenye kijiko, mdomoni kinaingia kijiko. Kisu hakipo maana kila kitu kimeshakatwa jikoni. Vijiti ni vya tambi za bakuli. Halafu kuna wali mwingine wanauita kao niao, wali wa kunata, unaletwa kwenye kikapu kidogo cha kusuka chenye mfuniko. Huo sasa ndo mkono! Unamega, unafinyanga tonge, unachovya kwenye mboga, unakula. Nilivyoona hivyo nikanawa mikono nikakunja mkono wa gauni, nikamwambia mwenzangu hapa tumefika nyumbani, kama una uzoefu wa ugali wa muhogo hakuna mtu wa kukufundisha. Kitu kimoja tu, ukishamega funika kikapu, ukiuacha wazi na ile feni unakauka juu unakuwa mgumu kama ukoko. Na huo wali wa kunata chakula chake ni cha upande wa kaskazini mashariki, Isan, kuku wa kuchoma, nyama ya kukatakata iliyotiwa ndimu na mchele wa kukaanga uliosagwa, na hiyo kachumbari ya papai, som tam.

Na hapa ndo tufike kwenye pilipili maana najua ndo mnalosubiri.

Pilipili yao ile ndogo ni kama hii pilipili kichaa yetu, zote asili yake Amerika, na jina lake kwa Kithai maana yake ni pilipili mavi ya panya, kwa jinsi ilivyo ndogo. Mi nilijiona mjanja. Nimekulia Kigoma, nakula dagaa na pilipili toka mdogo, nani wa kunitisha. Safari ya pili nikaenda kwa dada mmoja anauza som tam pembeni ya njia, ana kinu kirefu cha udongo na mchi wa mti, akaniuliza kitu, nikaitikia kwa kichwa tu, ndio ndio. Kumbe anauliza pilipili ngapi. Nikamwona anachukua gao zima anatupia, anatwanga taratibu, tok tok tok, anageuza na kijiko mkono mwingine, anatwanga tena. Kijiko cha kwanza sawa. Cha pili masikio yakaanza kulia. Cha tatu machozi, kamasi, mdomo wa juu umekufa, na nikafanya kosa ambalo kila mtu analifanya, nikanywa maji ya barafu glasi nzima. Moto ukasambaa kila kona.

Maji hayasaidii, na sababu iko wazi, kile kinachounguza kwenye pilipili hakiyeyuki kwenye maji, kinayeyuka kwenye mafuta, kwahiyo maji yanakutembezea tu moto mdomo mzima. Kula wali. Kula kitu chenye tui. Lamba sukari, au agiza cha yen, chai yao ya barafu ya rangi ya machungwa yenye maziwa ya kopo, tamu kupita kiasi na siku ya kawaida siipendi ila siku hiyo niliinywa mbili.

Jifunze maneno machache kabla hujakaa. "Mai pet", haina pilipili. "Pet nit noi", pilipili kidogo tu. Kwa som tam sema idadi kabisa, moja au mbili, onyesha kwa vidole, kule pilipili ya som tam inahesabiwa punje na hakuna anayekucheka ukisema moja. Na ujue "mai pet" ya mpishi wa mtaani sio "mai pet" yako, karai ni lile lile na mchi ni ule ule, kaukali fulani kanabaki. Halafu michuzi yenye rangi isikudanganye, watu wanadhani mwekundu ndo mkali kuliko, mara nyingi wa kijani unaupita, maana umesagwa na pilipili mbichi. Kithai kina kupandisha na kushusha sauti kama Kiha, neno moja ukilivuta vibaya limekuwa lingine, kwahiyo ukisema mara mbili hawakuelewi usiongeze sauti, onyesha kidole kwenye pilipili halafu tikisa mkono.

Mezani, hasa kwenye maduka ya tambi, utakuta vikopo vinne kwenye kishikio. Kimoja pilipili kavu ya kusaga, kimoja siki yenye vipande vya pilipili, kimoja nam pla yenye pilipili, na cha nne sukari. Sukari ndio, kwenye supu ya tambi. Mpishi anakuletea bakuli likiwa halijamalizika kwa makusudi, wewe ndo unamalizia. Onja kwanza kavukavu, halafu weka nusu kijiko cha siki, onja, kidogo sukari, onja. Niliona babu mmoja anaweka vijiko viwili vya sukari, nikadhani amekosea, akanywa mpaka tone la mwisho. Nam pla nenda nayo taratibu, hayo ni maji ya samaki, wale wadogo wadogo wa baharini kama dagaa wanapangwa na chumvi nyingi kwenye mapipa wanakaa mwaka mzima au zaidi, kinachochuruzika ndo hicho. Harufu yake ukinusa chupani utasema umeshuka mwalo wa Kibirizi saa sita mchana. Ndani ya chakula harufu inapotea inabaki chumvi tamu.

Supu yao maarufu, tom yam kung, ya kamba, UNESCO waliiingiza kwenye orodha yao ya urithi mwaka 2024, na ina haki. Ila ina miti ndani. Mchaichai umekatwa vipande vya urefu wa kidole, mzizi unaofanana na tangawizi ila mgumu zaidi, majani magumu ya jamii ya ndimu. Havitafunwi! Vimewekwa kutoa harufu, kama mdalasini na iliki kwenye pilau, vinasukumwa pembeni ya bakuli. Mwenzangu yule wa Tabora, na heshima yake yote, alikaa anatafuna kipande cha mchaichai dakika nzima, hataki kutema mbele za watu, anatafuna anameza mate anatafuna, mpaka mama mwenye mgahawa akaja na tishu akamwekea mkono chini ya kidevu kama mtoto. Hakuna aliyecheka pale. Tulicheka hotelini mpaka saa nane usiku.

Kwa Waislamu, na Ujiji ni wengi, hapa soma polepole. Kitimoto kule kipo kila mahali, na sio tu nyama unayoiona, inaweza kuwa kwenye supu ya tambi au kwenye mafuta ya kukaangia, na hiyo krapao ukiagiza bila kutaja nyama unaweza kuletewa ya nguruwe kabisa. Nguruwe ni "mu", na "mai sai mu" ni usiweke nguruwe, ila kusema hivyo hakulifanyi karai kuwa safi, kwahiyo mi nashauri tafuta sehemu yenyewe ya halali. Thailand ina Waislamu wengi, mikoa ya kusini kama Pattani, Yala na Narathiwat ndo wengi kuliko wengine wote, na Bangkok yenyewe kuna mitaa yao. Ukiwa Pratunam sio mbali kuna Petchaburi Soi 7, ulizia msikiti wa Darul Aman, kichochoro kile kina migahawa ya halali na vibanda, utaona alama yenye maandishi ya Kiarabu na mama amejitanda mtandio anakaanga. Hapo ndo nilipokutana na masaman. Jamani. Mchuzi mzito wa tui wenye viazi, karanga, nyama laini, ndani una iliki, mdalasini, karafuu, nilivyoweka mdomoni nikamkumbuka shangazi yangu na pilau lake la Idi. Asili yake inahusishwa na Waislamu waliofika huko zamani, hata jina linasemekana limetoka kwenye neno la kuwaita Waislamu, na ukali wake ni mdogo. Mtu wa Pwani au Ujiji ambaye hajawahi kula Kithai aanzie hapo, ndo ushauri wangu na siurudishi.

Kama karanga au kamba zinakudhuru sema mapema na sema kwa msisitizo, karanga zinanyunyizwa juu ya vitu vingi na uduvi wa kusaga umefichwa ndani ya michuzi hata ile inayoonekana ya majani tu. Hata asiyekula nyama kabisa aulize, nam pla inaingia karibu kila chungu.

Kuita mhudumu sio kupiga mluzi wala kugonga meza. Wanaitana kama sisi, kwa udugu. Mkubwa kwako ni "pi", kama kusema dada au kaka, mdogo kwako ni "nong", mdogo wangu. Mwanamke akimaliza sentensi anaongeza "ka", mwanaume "krap", ni adabu, bila hiyo unasikika kama unaamrisha. Mi yule mama wa uchochoroni nilianza kumwita pi siku ya tatu na toka siku hiyo chombo changu cha mboga kikawa kinakuja kimejaa. Kitamu ni "aroi", hilo liseme hata kama umesahau mengine yote. Dar huna haja ya hayo, mhudumu ni mbongo mwenzio, dada naomba menyu, yanaisha.

Bili inakuja moja kwa meza. Kusimama kuanza kugawana nani alikula nini haiwezekani kwasababu mmekula wote vyote, mwenye kukaribisha analipa au mnachanga sawa kwa sawa nje. Kuomba bili unasema "kep tang". Kule mtaani sahani moja ya wali na kitu juu ni kama baht 50 mpaka 80, piga baht moja shilingi 75 au 80 hivi kutegemea na siku, kwahiyo ni kama 4,000 mpaka 6,000 na kitu, mezani maji ya barafu mara nyingi bure au bei ya kutupa. Bakshishi kwenye vigenge hivi hailazimishwi, ukiacha zile sarafu za chenji inatosha. Ukipewa risiti ukakuta imeandikwa mwaka 2500 na kitu usishtuke wala usigombane, wanahesabu kwa kalenda ya Kibudha, iko mbele yetu miaka 543, mwenzangu alikataa kupokea risiti ya mzigo kwa sababu hiyo mpaka tukaitiwa mkalimani. Masaki sasa ni habari nyingine, bei ni za Masaki, angalia menyu kabla ya kukaa, na uliza ukubwa wa chombo kabla hujaagiza mboga nne, maana sehemu nyingine chombo kimoja kinalisha wawili na nyingine kinalisha mmoja tena mtoto.

Niliporudi watu nyumbani wakataka waonje. Siwezi kuwapikia masaman ya Petchaburi, ila som tam inawezekana hapa hapa Kigoma tena kwa vitu vyetu. Chukua papai bichi, limenye, lisuuze utomvu, halafu lishike mkononi ulicharange na kisu kwa urefu kisha uparue, zinatoka nyuzi nyembamba, ukiwa na kwaruzo la karoti pia sawa. Kwenye kinu twanga punje mbili za kitunguu swaumu na pilipili kichaa moja, MOJA, tia kijiko cha sukari guru, kamulia ndimu moja na nusu, chumvi. Kamba wakavu sina, natumia dagaa wetu, nawatoa vichwa, nawakaanga bila mafuta mpaka wanavunjika, na kwa bahati nzuri wanakaa vizuri kuliko hata kamba, hapo najua Wathai watanigombeza. Tupia nyanya ndogo mbili zilizokatwa, maharage mabichi machache, kiganja cha karanga za kukaanga, halafu papai. Usitwange kama unatwanga kisamvu, unagongagonga huku unageuza na kijiko, papai lipondeke kidogo linywe maji ya ndimu ila libaki linalia ukitafuna. Inaliwa saa hiyo hiyo, ikikaa nusu saa inatoa maji.

Wali wa kunata nao sina, kwahiyo tulikula na ugali wa muhogo. Na jambo la kuchekesha ni kwamba Thailand ndo inayoongoza duniani kuuza nje bidhaa za muhogo, wanga na makopa wanayapeleka China na kwingine, wanalima muhogo mashamba kwa mashamba, halafu ugali wake hawaujui. Mama mkwe alimega tonge akachovya, akanyamaza, akachovya tena, akauliza hii kachumbari mbona umeiacha papai lisiive. Nikamwambia ndo linavyotakiwa mama. Akasema haya, kesho twanga nyingine ila dagaa uongeze.

Papai lichague gumu kabisa, ngozi kijani tupu na ukilikata ndani liwe jeupe. Likishaanza kuwa na rangi ya chungwa hata kidogo umechelewa, hilo liweke dirishani mlile baada ya siku tatu.